Nguzo ya Kushoto

Bawaba ilikuwa imevuta shingo. Jana jioni Mama Pacha aliiacha fupi, nene, imetulia mahali pake kwenye kiti cha magurudumu kama mtu aliyeshiba. Leo asubuhi, kabla hata hajavua mtandio, aliikuta kwenye skrini ya kompyuta imerefuka na kupinda kuelekea mbele, tundu lake la boliti likitazama hewani. Alikaa. Akasimama. Akakaa tena. Akasoma jina la faili, huenda amefungua ya mtu mwingine. Ilikuwa ile ile.

"Mimi huyu huyu," alisema kwa sauti, "ndiye niliyechora kitu hiki?"

 Upande wa pili wa meza, Profesa alikuwa amezama katika mchoro wa kitanda cha hospitali, miwani yake ameipandisha juu ya paji la uso, mahali ambapo haikumsaidia lolote. Huyo Profesa hakuwahi kukanyaga chuo kikuu. Jina alipewa na mafundi wa karakana ya chini kwa sababu ya ile miwani, na kwa sababu halijapata kutokea swali likamkosesha maelezo, ya kweli au ya kubuni.

Tuelewane kwanza kuhusu kazi yenyewe, maana bila hivyo balaa hili halitaeleweka. Mtu akitaka kuchora kipande kipya cha kitu ambacho tayari kipo, anaweza kukichora peke yake pembeni, kwa vipimo alivyochukua, halafu akakipeleka kukijaribisha, akaona hakiingii, akarudi nacho kichwa chini. Au anaweza kukichorea mle mle ndani. Anafungua kiti kizima kwenye kompyuta, na fremu yake na magurudumu yake na boliti zote, na penye pengo anaanza kuchora huku akiazima kingo za majirani. Ukingo wa bomba unakuwa ukingo wa kipande chake. Tundu la jirani linakuwa tundu lake. Hapimi kitu, kipande kinazaliwa kikiwa tayari kinaijua nyumba yake. Mama Pacha alikuwa bingwa wa njia hii, na aliyemfundisha alikuwa mumewe.

Kiti chenyewe pia kilikuwa kazi ya mumewe. Alikichora miaka ile alipokuwa mkuu wa chumba hiki cha wachoraji, na meza anayoikalia mkewe sasa ilikuwa meza yake. Leo naye amekalia kimoja cha viti hivyo nyumbani, tangu kiharusi kilipompiga na kumchukua upande wote wa kulia, mkono na mguu, na ulimi pia. Neno halimtoki. Kinachomtoka ni mngurumo wa kooni, ambao kila mtu ndani ya nyumba huutafsiri anavyopenda.

Hospitali zilikuwa zimelalamika kwamba egemeo la mkono la kiti kile halikunjiki, kwa hiyo kumhamisha mgonjwa kutoka kitini hadi kitandani ni mieleka. Meneja akataka bawaba: kipande kidogo cha kulishikiza egemeo kwenye nguzo ya fremu ili liweze kukunjwa nyuma. Kwanza ya kushoto, ya kulia ingenakiliwa kutoka kwake. Jumamosi iwe mikononi mwake, Jumatatu mafundi waanze kukata chuma. Kwa Mama Pacha hiyo ilikuwa kazi ya asubuhi moja na kikombe cha chai. Akairekebisha ile shingo, akaihifadhi kazi yake, akaapa kulala mapema.

Hakulala mapema. Jioni ile simu iliita wakati anamfuta mumewe mdomo sebuleni. Alikuwa wifi yake, dada mkubwa wa mumewe, mwanamke mwenye nyumba kubwa katika mji mwingine, mabinti watu wazima wa kumsaidia, na sauti isiyohitaji simu.

"Wifi yangu, Jumamosi nakuja na gari. Umeshafunga mizigo yake?"

"Bado. Nitafunga."

"Usije ukabadilika. Sisi tuko wengi huku, wewe uko peke yako, pacha wenu wako bweni, kazini unakwenda alfajiri. Na tusidanganyane, mdogo wangu akili imeondoka. Aliyebaki pale ni mwili wa kulishwa na kuogeshwa."

Daktari hakusema hivyo. Daktari alisema hakuna anayejua kwa hakika mgonjwa anaelewa kiasi gani. Lakini jibu la namna hiyo lina tabu ya kukaa nalo, na ukoo ulikwisha kulichukua kuwa maana yake ni haelewi kitu. Mama Pacha naye, polepole, alikuwa amelizoea. Alikuwa akimvua na kumvisha mtu huyu, akimgeuza huku na huku kitandani, akimsemesha kwanza kila siku, kisha mara moja moja, kisha basi.

"Nimechoka, wifi," alisema, amesimama mbele ya kiti cha mumewe, kitambaa mkononi. "Sina la kuficha. Mchukueni. Mimi ni mtu, si chuma."

Akakata simu, akamalizia kumfuta mdomo.

Asubuhi iliyofuata bawaba ilikuwa imefanya mengine. Safari hii ilijikunyata, imeteremka chini, imelimeza egemeo nusu nzima.  Mama Pacha alianza kujihesabia makosa yake ya siku za karibuni: chumvi aliyotia kwenye chai, ufunguo alioutafuta nyumba nzima akiwa ameushika, kituo cha basi alichopitiliza. Labda ugonjwa wa nyumba ile ni wa kuambukiza. Labda jioni anachora hiki, na asubuhi anaona kile, na hakuna mwingine anayehusika ila kichwa chake mwenyewe. Wazo hilo lilimtisha hata akaamua kutafuta mtu wa kumlaumu.

"Profesa, nijibu kama mtu mzima. Unaichezea kazi yangu?"

"Kazi ipi?"

"Usinitolee macho. Bawaba. Naiacha hivi, naikuta vile."

"Dada yangu, mimi kitanda tu kinanitoa jasho. Nitapata wapi nguvu za kuharibu kiti?"

"Basi ni jini."

"Majini hayajui kompyuta hii. Hata mimi siijui vizuri." Lakini alinyanyuka, akazunguka meza, akaishusha miwani hadi puani, dalili kwamba mambo ni mazito. Akabonyeza hapa, akabonyeza pale. "Bawaba yako haijaguswa. Tazama. Mtu wa mwisho kuihifadhi ni wewe."

"Sasa imepindaje?"

"Haikupinda. Imefuata. Uliazima kingo za nani?"

"Za nguzo ya kushoto."

"Basi nguzo imehama, nayo imehama nayo. Kosa la kila siku hili, sote limetukuta. Unakiegemeza kipande kwenye fremu ukidhani fremu imekwisha kuchorwa, kumbe kuna mtu bado anaichora."

"Nani aichore fremu? Fremu hii haijaguswa tangu..."

Hakumaliza. Profesa alikuwa amefungua kumbukumbu ya fremu, pale panapoonyesha nani alibadilisha nini. Akaipandisha miwani. Akaishusha. Kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane, Profesa hakuwa na maelezo.

"Mh," alisema.

Jina lilikuwa la Baba Pacha. Jana kulipokucha, Baba Pacha. Leo kulipokucha, Baba Pacha. Na tena, sasa hivi tu, wakati wao wawili wakigombana.

"Labda kuna mtu ana nywila yake," alisema Profesa.

"Mtu gani?"

"Sijui. Hao pacha?"

"Pacha wako bweni, kompyuta hawana."

"Basi sijui, dada. Nenda nyumbani ukaone. Meneja akiuliza, nitamwambia unaumwa. Na ukweli ni kwamba huna rangi."

Njiani hakuona mtu wala gari. Kichwani mwake palikuwa na maswali yanayokanyagana mlangoni, kila moja linataka kupita kwanza. Mwizi? Mwizi wa kuhamisha nguzo ya kiti? Jirani? Alikumbuka kompyuta ya zamani katika chumba kidogo cha nyuma, ile ambayo karakana ilimfungia mumewe na kuiunganisha na za kazini ili afanyie kazi nyumbani, na ambayo hakuna aliyekumbuka kuja kuifungua. Aliamini imezimwa siku nyingi. Aliamini mambo mengi, kwa kweli.

Mlango wa chumba kile ulikuwa wazi. Nesi, jirani yao mstaafu ambaye humwangalia mgonjwa mchana, alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki akichambua mboga mapajani. Mbele yake, mgongo kwao wote wawili, alikuwapo Baba Pacha katika kiti chake, na mbele ya Baba Pacha skrini ikiwaka.

"Kheri mwanangu, mbona mapema?" alisema Nesi. "Umefukuzwa kazi?"

"Kumbe humu ndimo anamoshinda?"

"Tangu siku nyingi. Nikimweka sebuleni ananguruma kama gari bovu, nikimleta hapa anatulia. Aliinyooshea kidole hiyo televisheni yake, nikamwashia. Anatazama picha zake za viti, maskini."

"Na kipanya hicho, nani kakihamishia kushoto?"

"Mimi. Alikuwa anakipapasa hakifikii. Nikasema ngoja apate cha kushika." Akaacha kuchambua. "Nimekosea?"

 Mama Pacha alikuwa akitazama skrini. Mshale ulikuwa ukitangatanga juu ya fremu, ukipotea, ukirudi. Ulifika kwenye nguzo ya kushoto ukatetemeka pale. Ghafla nguzo ikaruka mbele. Ikasita. Ikateremka kidogo. Ikarudi nyuma kabisa, ikapita mahali pake pa zamani. Mkono uliokuwa juu ya kipanya, mkono wa kushoto, ulikuwa ukitikisika kama kawaida yake, kama unavyotikisika ukishika kijiko.

"Baba Pacha," aliita. Sauti yake mwenyewe aliisikia ngeni. "Ni wewe?"

Swali gani hilo! Akajaribu jingine. "Kama unanisikia, geuka unitazame."

Hakugeuka. Uzi wa mate ulimshuka kidevuni. Mshale ulizunguka, ukaishika nguzo tena, ukaivuta mbele.

"Usijitie presha," alisema Nesi kwa upole. "Huyo anapapasa tu. Nimeuguza wengi. Ukimpa kijiti atakivuta, ukimpa kamba ataivuta."

Mama Pacha hakujua afurahi au aogope.  Kama anapapasa tu, basi hakuna jipya. Na kama hapapasi? Alitoka akaenda kunawa uso jikoni, akajitazama kwenye dirisha, akarudi. Nguzo ilikuwa mbele, chini.

Mbele na chini. Wazo hilo halikumwachia. Jioni, Nesi alipokwisha kwenda zake na mumewe yuko kitandani, alifanya jambo ambalo angeona haya kuonwa akilifanya. Alikalia kiti cha mumewe. Akaufunga mkono wake wa kulia kwa mtandio, akauacha na mguu wa kulia ulegee, akajaribu kuinuka kwa kujisukuma kwenye egemeo la kushoto, pale nguzo ilipo siku zote. Hakuinuka. Kila alipojisukuma alijirudisha nyuma, kiti kikamcheka kwa mlio. Akasogeza stuli, akaiweka mbele zaidi na chini zaidi, pale mshale ulipoivuta nguzo. Akaishika, akajivuta. Akajikuta amesimama, mkono umefungwa, machozi yanamtoka, hajui kama ni ya kicheko.

Kiti kile kilichorwa na mtu mwenye mikono miwili. Je, sasa kilikuwa kikichorwa upya na mtu mwenye mmoja?

Kama mambo yangeishia hapo, ingekuwa hadithi tamu. Asubuhi ya Ijumaa alimwacha Nesi akimsukuma mumewe chumba cha nyuma, akaenda kazini, akafungua kiti. Nguzo ilikuwa imekaa juu ya gurudumu. Juu yake kabisa, imeegemea hewa. Hakuna binadamu duniani angeweza kukaa kitini pale, wa mkono mmoja wala wa mikono mitatu, na bawaba yake ilikuwa imejinyonga kuifuata, mistari yote myekundu.

"Unaona?" alisema Profesa, ambaye alikwisha simuliwa yote pamoja na kisa cha stuli. Hakucheka. "Mkono unaotetemeka unasogeza vitu, dada. Siku moja unasogeza vizuri, siku nyingine vibaya. Usimtafutie maana, utaumia bure."

"Na kama alikuwa anajaribu tu? Wewe hujaribu? Mimi vitu ninavyochora kabla ya saa nne ukiviona utanikamata."

"Inawezekana." Alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayesema haiwezekani. "Lakini Meneja anataka bawaba kesho, na kwa mwendo huu utampelekea kamba ya viatu. Irudishe nguzo mahali pake, halafu uifunge bawaba. Hebu sogea."

Alimwonyesha, ingawa Mama Pacha alikuwa akijua. Unatafuta jina la kipande katika orodha ndefu ya vipande pembeni mwa skrini. Unafungua vijimambo vyake. Unateremka hadi panapoonyesha alichoazima kwa majirani. Unachagua kufunga. Kompyuta inauliza kama una hakika. Unasema ndiyo. Inauliza tena, maana ukishafunga, kipande hakisikii tena lolote kutoka kwa jirani. Jirani ahame, abomoke, kipande kitabaki kama kilivyo. Kidole cha Profesa kilikuwa juu ya ndiyo ya pili.

"Acha," alisema Mama Pacha.

"Nini?"

"Usifunge."

"Kwa nini, jamani?"

Alishindwa kumwambia. Angesemaje? Kwamba mumewe hajamwambia kitu tangu kiharusi, na kipande hiki cha chuma ambacho hata chuma bado hakijawa, ndipo mahali pekee ambapo akitikisika huko, yeye huku anatikiswa? Kwamba akifunga, atakuwa amemziba mdomo? Akajibu, "Nitaifunga mwenyewe nyumbani kesho. Nitaituma asubuhi." Profesa alimtazama kupitia miwani, safari hii ikiwa mahali pake, akarudi kwenye mchoro wa kitanda chake.

Wifi alifika Jumamosi jua halijakolea, amevaa kama mwenda harusini, akakumbatia watu wote na kuanza kutoa amri. Nguo kwenye begi hili, dawa kwenye lile, godoro la mpira liviringishwe. Nesi alikuwa amemwondoa mgonjwa njiani kwa kumpeleka chumba chake cha nyuma. Mama Pacha alikunja mashati ya mumewe moja moja. Alikuwa hajaamua kitu, au alikwisha amua siku nyingi na sasa anaona mikono yake ikitekeleza, hakujua. Mara tatu alitaka kumwambia wifi habari za nguzo, na kila alipoziweka kichwani zikawa za kichaa. Mume wangu anahamisha nguzo. Lo, wangewachukua wote wawili.

"Meneja wako anapiga simu," Nesi alimwambia.

"Najua. Ni ile kazi."

Akaenda chumba cha nyuma. Baba Pacha alikuwa amekaa, mkono wa kushoto mapajani, hashiki kitu. Mama Pacha aliinama juu ya bega lake, akashika kipanya. Nguzo ilikuwa mbele, chini, pale pa stuli. Bawaba ilikuwa imeifuata ikakaa barabara, fupi, nene, tundu kwa tundu. Nzuri kuliko alivyochora yeye. Ilibaki kuifunga tu, halafu kutuma. Akalitafuta jina lake katika orodha.

Kando ya jina palikuwa na kufuli dogo.

Alidhani amekosea mstari. Akasogea karibu na skrini. Kufuli. Akafungua kumbukumbu ya bawaba, ile ambayo tangu mwanzo ilikuwa na jina lake peke yake. Jina la mwisho halikuwa lake. Baba Pacha, asubuhi hii. Akaivuta nguzo kwa kujaribu, akaipeleka hadi mwisho wa kiti. Bawaba haikutikisika.

Akahamishia kipanya mkono wa kushoto. Alitaka kujua. Kulitafuta jina, kufungua, kuteremka, kuchagua. Kwa mkono huo usiozoea alikosea mstari, akakosea tena, akafunga kisichofungwa. Mkono wake ulikuwa mzima. Na yule mwenye mkono unaotikisika alipita njia hiyo yote, akaulizwa kama ana hakika, akasema ndiyo, akaulizwa tena.

Huku si kupapasa.

Akakaa kwenye kiti cha plastiki cha Nesi. Kwa hiyo yumo. Siku zote hizi alikuwamo. Na hapo ndipo neno la pili lilipomjia, polepole, likamkaa kifuani: kwa hiyo alisikia. Alisikia mwili wa kulishwa na kuogeshwa, maana simu ya wifi husikika hadi kwa jirani. Alisikia nimechoka. Alisikia mchukueni, kutoka kwa mtu aliyesimama mbele yake na kitambaa mkononi, ambaye baada ya hapo alimfuta mdomo kama anayefuta meza.

Akalitazama lile kufuli. Mchoraji akimfungia mwenzake kipande, huwa anamwambia kimekamilika, kipeleke, nisije nikakuharibia. Ndivyo mumewe alivyokuwa akimfungia zamani, yeye alipokuwa mwanafunzi wake. Lakini mtu anaweza pia kumfungia mwenzake kwa kumwambia usinifuate tena. Niache niende, nawe kaa kama ulivyo. Alilitazama hadi macho yakauma. Kufuli ni kufuli, halikuwa na la kuongeza.

"Wifi yangu!" Sauti kutoka ukumbini. "Jua linapanda, tutakwama njiani. Mlete mgonjwa."

Mama Pacha alisimama. Akakigeuza kiti cha mumewe, kikaupa kisogo mwanga wa skrini na kutazama mlango. Wifi alitokea na begi mkononi, Nesi nyuma yake.

"Ingia kwanza, wifi. Ukae."

"Nikae tena? Kuna nini?"

"Hatujamuuliza."

"Kumuuliza nani?" Wifi alimtazama Nesi. Nesi alitazama sakafu.

"Mwenyewe."

Alipiga magoti upande wa kushoto wa kiti. Hakukumbuka ni lini mara ya mwisho alimtazama mumewe machoni bila kuwa anatafuta tongotongo. Macho yalikuwa yale yale, mekundu kidogo, na hakuweza kusema yanamtazama yeye au yanatazama tu.

"Baba Pacha," alisema. "Ulikuwepo niliposema nimechoka. Sikusema uongo, nilichoka, na bado nimechoka. Lakini nilisema mbele yako kama hupo. Nisamehe. Kufuli lako nimeliona, ila sijui unaniambia nini, na leo sitaki kukutafsiria. Ukitaka kwenda kwa dada yako, uachie mkono wangu. Ukitaka kubaki hapa, ushike."

Akaweka mkono wake katika kiganja chake. Vidole vilitikisika, vikajikunja juu ya vyake, vikafunguka, vikajikunja tena. Alijaribu kuvisikiliza kwa ngozi. Alikuwa akiogopa jibu hili na akiogopa lile, na lipi aliliogopa zaidi, Mungu ndiye anayejua. Simu ya Meneja iliita mezani. Akaiacha iite hadi ikanyamaza.

"Mkono huo hutikisika siku zote," alisema wifi. Sauti yake ilikuwa imeshuka, haikuwa na amri ndani yake. "Hilo si jibu, wifi yangu."

"Najua."

"Sasa?"

"Sasa nitamuuliza tena."

 Wifi akaliweka begi chini, akakivuta kile kiti cha plastiki, akakaa.